Walii Aliyekamatwa na Kamera

Nyie wenzangu wa baraza la kahawa hapa Ng'ambo, Tabora, mmenichosha. Wiki nzima kila mmoja ana toleo lake: eti niliiba, eti nilifungwa, eti nilitoroka kwa kuruka ukuta. Mie na magoti haya niruke ukuta! Haya, jazeni vikombe niwasimulie mwenyewe, na anayetaka kucheka asubiri nimalize.

Sababu ya safari mnaijua. Kaka yangu Juma, Mungu amrehemu, aliacha Dar es Salaam binti mmoja tu, Rehema. Hakuacha mtoto wa kiume, na baba yetu alishatangulia zamani. Kwa hiyo Rehema alipopata mchumba wa Mbagala, walii wa kumwoza nikabaki mie, Saidi Maganga, fundi seremala wa milango na vitanda. Bila mie hakuna ndoa! Ndoa ilipangwa Ijumaa, Mbagala nyumbani kwa bwana harusi, baada ya sala ya alasiri, na mie tangu Jumatatu sikulala. Mke wangu akaniuliza kama anayeolewa ni mie.

Alhamisi, saa kumi na mbili asubuhi, nilipanda basi la Dodoma. Begini niliweka kanzu yangu nyeupe na chupa mbili za asali ya wakwe. Mke wangu aliniasa, "Baba Hamisi, asali na kanzu havikai chumba kimoja." Nikamjibu kwamba mie fundi, najua kufunga vitu. Basi tuyaache hayo, tutayakuta mbele.

Alasiri, Dodoma. Jamani, ile treni ya umeme! Mie nilikuwaga nasafiri na ile ya zamani, siku mbili njiani, unashuka umejaa vumbi hadi kwenye kope. Hii inateleza tu. Nilimiminiwa chai kikombe kizima, nikakiweka mezani, chai haikutikisika. Tulipoingia kwenye mahandaki ya milimani karibu na Kilosa, giza pu! Mama mmoja akasema "Yallah!" na tulipotoka upande wa pili behewa zima likapiga makofi. Mie nilipiga kuliko wote, sioni haya kusema.

Tukiwa tunaikaribia Morogoro simu ikalia. Ni Mzee Kibwana, baba mkubwa wa bwana harusi, Mzaramo wa asili.

"Umefika wapi, mbeba mizigo?"

"Niko kwenye treni, mtani."

"Treni! Mababu zako walikuja pwani kwa miguu na pembe mabegani, wewe unajidekeza kwenye viti!"

"Walikuja kuwaamsha nyie, mlikuwa mmelala kwenye ngoma."

Akacheka hadi akakohoa. Mnajua Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu enzi za misafara. Tangu siku ya posa sikumbuki kama mie na yule mzee tumewahi kuambiana neno moja la kweli. Kabla ya Isha nilishafika Dar, na nililala Kipawa kwa shemeji yangu, Mama Rehema.

Ijumaa asubuhi, Kipawa. Ndege zinapita juu ya bati unaona hadi matairi yake, na mie nipo uani nimeshika kanzu inayochuruzika. Chupa moja ilikuwa imefunguka. Mama Rehema alikaa chini kwa kicheko.

"Shemeji, unakwenda kuoza au kurina?"

Kuifua ilikuwa haiwezekani, isingekauka. Akanielekeza duka kubwa jipya kule barabarani, lenye kila kitu kuanzia mchele hadi kanzu. Saa nne nikatoka peke yangu, nimeoga, nimejipaka mafuta, najiona mkwe wa mkoa mzima.

Mlango wa duka ulifunguka wenyewe, baridi ikanipokea. Nilikuwa bado natazama taa zake nikasikia kitu kinalia pii, pii, pii, na mlinzi kijana akanijia na kishikwambi mkononi.

"Shikamoo mzee. Uko chini ya ulinzi."

"Marahaba, baba," nikaitikia. Nyie, nilishaitikia ndipo ile nusu ya pili ikaniingia!

Akanionyesha kioo cha kishikwambi. Upande mmoja uso wangu, umepigwa picha muda ule ule mlangoni. Upande wa pili uso wa mtu aliyeiba simu pale dukani wiki tatu nyuma. Wallahi tulifanana. Kipara kile, mashavu yale, hata ndevu za kidevuni zilivyo na mvi upande mmoja. Nilijitazama nikajiogopa.

"Mwanangu, wiki tatu zilizopita nilikuwa Tabora nachonga kabati."

"Mashine imesema ni wewe, mzee."

"Na mie nasema si mie!"

"Mashine haisemi uongo," akasema, kwa upole kabisa, akanishika mkono.

Saa tano nilikuwa kituo cha polisi. Konstebo alichukua simu yangu na mkanda wangu akavifungia kwenye droo, halafu akaniletea wino nichape vidole. Mkono wa kushoto ukapita vizuri. Wa kulia akasimama na fomu yake.

"Mzee, hivi viwili viko wapi?"

"Msumeno uliondoka navyo, miaka mingi sasa."

Akakuna kichwa, akaacha visanduku viwili wazi, akaendelea. Mie kichwani nina jambo moja tu: saa kumi. Nilimwambia kuwa mie ni walii, kuna binti anangoja, kuna wali unapikwa, kuna sheikh. Kama ningekuwa na simu ningemwachia hata sheikh mwenyewe aoze kwa niaba yangu, lakini simu ilikuwa drooni. Akanionea huruma, akasema atampigia ndugu mmoja, mmoja tu. Ya Mama Rehema ikaita bila kupokelewa, alikuwa kwenye vigelegele vyake. Konstebo akakubali kujaribu nyingine. Nikampa ya Mzee Kibwana.

Hapo ndipo nilipojimaliza, jamaa zangu.

Konstebo akaweka sauti ya nje. "Hapa ni polisi Kipawa. Tunaye Saidi Maganga kutoka Tabora, anatuhumiwa kwa wizi. Unamfahamu?"

Kikasikika kicheko. "Eeeh! Mmemkamata hatimaye! Huyo ni mwizi wa siku nyingi! Siku ya posa alitokomea na jogoo wetu! Mfungeni kabisa afande, binti tutamwoza wenyewe!"

"Mtani!" nikapiga kelele. "Si utani! Ni polisi kweli!"

"Na sauti ya polisi umeiga vizuri, Mnyamwezi wewe!" Akakata. Tulipompigia tena, hapatikani. Ilikuwa Ijumaa, ameshaizima aingie msikitini.

Konstebo akachukua kalamu. Nikamwona kwa macho yangu akiandika: ndugu wa mtuhumiwa amethibitisha.

"Afande, yule ni mtani wangu!"

"Mzee, mie nimetokea kwetu Ngara, nami nina watani. Lakini mtani hajibu hivyo polisi."

Nikawekwa ndani. Humo tulikuwa watatu, mmoja amelala, mwingine akaniuliza kosa langu. Nikamwambia, sura. Akasema hilo hajawahi kulisikia. Adhuhuri ikaadhiniwa, nikasali kwa kukisia kibla. Nilikuwa na hasira, sifichi. Hasira ya kuambiwa na chombo kwamba mie si mie, na watu wazima wenye macho wamesimama pembeni wanakubali. Lakini kilichoniuma zaidi ni Rehema. Alikosa mengi yule mtoto tangu baba yake afe, na sasa ndoa yake ingekwama kwa ajili yangu.

Saa nane na nusu nikasikia sauti nje. "Yuko wapi? Yuko wapi mtani wangu?" Nikaruka.

Kumbe baada ya sala ya Ijumaa, Mama Rehema alifika Mbagala akiuliza kama walii ameshatangulia huko, maana alitoka saa nne kununua kanzu hajarudi. Mzee Kibwana alipolisikia hilo akajipiga paji la uso kofi moja zito. Akakodi bajaji na kanzu yake ya harusi mwilini, viatu kavisahau msikitini.

Mkuu wa kituo, mama mmoja mtulivu, akatuita sote ofisini.

"Mzee, wewe ndiye uliyethibitisha kwamba ni mwizi?"

"Ulikuwa utani, afande!"

"Utani na jeshi la polisi?"

"Utani na huyu! Yeye ndiye Mnyamwezi!" Mzee wa watu jasho linamtoka. "Afande, nitaapa unavyotaka. Sijawahi kusema kweli juu ya mtu huyu, lakini leo nasema."

Mama yule akakaza mdomo asicheke. Akasema kiapo hakimtoshi, kwa kuwa sura zinafanana, hata yeye anaona. Ndipo Mzee Kibwana akauliza kitu ambacho si mie, si mlinzi, si konstebo, hakuna aliyewaza kukiuliza.

"Sura nimeiona. Na kuiba kwenyewe je? Mnayo picha ya kuiba?"

Mlinzi wa duka alikuwa nje bado anaandikisha maelezo. Akaitwa na kishikwambi chake, akaitafuta picha ya video yenyewe. Siku zote walikuwa wakitazama uso tu, kwa sababu mashine huwaletea uso. Tukainamia kioo, vichwa vitano. Tukamwona yule bwana, pacha wangu nisiyemjua, ananyoosha mkono wa kulia, anaokota simu, anaigeuza, anaichomeka kwapani.

"Simamisha hapo!" Mzee Kibwana akaruka. "Hesabu! Afande, hesabu vidole! Kimoja, viwili, vitatu, vinne, vitano! Mkono umetimia! Sasa wewe Mzee Nane, toa wako!"

Mzee Nane ndilo jina alilonibandika siku ya posa, eti mie nikihesabu naishia nane. Nililichukia jina lile miezi minne. Nikauweka mkono wangu wa kulia mezani, kando ya kioo, na visiki vyangu viwili. Konstebo akaitazama fomu yake yenye visanduku vitupu, akainamisha kichwa. Mkuu wa kituo akampigia mwenye duka papo hapo, maneno makavu, halafu akaniomba radhi mwenyewe kwa mdomo wake. Akaniandikia na barua yenye mhuri, inayosema kwamba mie siye yule. Mlinzi naye akasema, "Samahani, mzee." Nikamjibu kwamba akiwa na macho ayatumie.

Saa tisa na dakika arobaini tulikuwa kwenye bajaji, mie, Mzee Kibwana na Mama Rehema, aliyekuja naye akatungoja nje, dereva anakata vichochoro kuelekea Mbagala huku tunampigia kelele kila mmoja upande wake. Njiani nikakumbuka: kanzu!

"Mtani," nikamwambia, "umenifungisha. Nakutoza faini."

Hakubisha. Faini ya mtani haikataliwi. Akaivua kanzu yake mle mle ndani ya bajaji inayokwenda, akabaki na fulana na suruali, mguu peku. Ilinipwaya hadi nikaikunja mikono mara tatu.

Tulipoingia uani alasiri ilishasaliwa. Sheikh ameketi, bwana harusi amekunja uso, wanawake wanachungulia njia. Waliponiona vigelegele vikapasuka nyumba nzima! Nikaketi mbele ya kijana wa watu, nikampa mkono wangu wa vidole vitatu. "Nimekuoza binti wa kaka yangu, Rehema binti Juma." "Nimekubali." Machozi yakanitoka, na Mzee Kibwana na fulana yake akatangaza kwamba Mnyamwezi analilia wali. Nilikula sahani tatu kumthibitishia.

Jumapili alfajiri, stendi ya Mbezi Luis. Mizigo ya harusi ilinizidi, nikaamua kurudi kwa basi. Rehema na mumewe walinisindikiza. Njia nzima nilikuwa nimeishusha kofia hadi kwenye nyusi, na pale stendi nilipoziona kamera juu ya nguzo nikainamisha kabisa kichwa. Yule mwenye uso wangu bado yuko huru, na barua ya mhuri nitatembea nayo hadi nife. Nilichojifunza ndicho hicho: chombo kinaujua uso wako, lakini anayekujua kweli ni yule aliyekaa akazitazama kasoro zako, awe anakupenda au anakucheka.

Rehema akaniona ninavyojificha.

"Ba'mdogo, mbona unaficha uso?"

"Uso huu umeniponza, mwanangu. Nimeuchoka."

Akaisukuma kofia nyuma kwa vidole vyake vyenye hina. "Usiuchoke. Huo ni uso wa baba. Mie sina mwingine wa kuutazama."

Nikaivua kofia, nikaishika mkononi, nikapanda basi.