Kanuni ya Jeraha kwenye Meza ya Espérance

Espérance wa Kampemba alikuwa mwalimu asiye na darasa. Shule ilifungwa, mshahara ukawa hadithi, naye hakuwa mtu wa kukaa bure. Basi kila Jumapili baada ya misa aliweka munkoyo, kinywaji cha mahindi, mezani, akafungua sanduku la mchezo aliloachiwa na mwalimu mwenzake Mbelgiji, yule aliyekimbia baada ya uporaji wa tisini na moja. Majirani walinong'ona kwamba mwanamke mzima anacheza na vinyama vya karatasi. Aliwaacha wanong'one.

Mchezo wenyewe si mgumu. Unajifanya shujaa fulani, msimamizi anakueleza yaliyo mbele yako. Ukitaka kumpiga adui, unarusha kete kubwa, ile ya pande ishirini, na kuongeza nguvu zako. Jumla ikifikia ulinzi wake, umempata. Ndipo unarusha kete ndogo kujua pigo limekula uhai wake kiasi gani. Kuna na sumu, kuna na uchawi. Aliyepatwa na hivyo hurusha kete mwenyewe, aone kama mwili wake utavikataa.

Kanuni moja haikuwemo kitabuni. Espérance aliitunga mwenyewe, maana vijana walikuwa wakiua kama wanaoua mbu, huku wakicheka. Meza yake ilitaka hivi: ukimpata mtu, kabla ya kete ndogo, mtazame usoni umwambie umemfanya nini. Pigo lisilosimuliwa halidhuru.

Wachezaji walibaki wawili. Mmoja alikuwa Mumba, mdogo wake, kijana mwenye maneno mengi ambaye siku hizo alikuwa amepunguza maneno. Wa pili alikuwa Rigobert, fundi cherehani wa nyumba ya tatu. Baba yake aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi ya reli, naye Rigobert alizaliwa hapa hapa. Sasa watu wa Kasai walikuwa wanafukuzwa mjini kwamba si wenyeji, wengi wakilala kituoni na mabunda yao wakingoja treni. Rigobert alikataa kuondoka. Espérance alimsihi, mke wake alimsihi, wapi!

"Madame, itapita," alisema Jumapili ile akijimiminia munkoyo. "Hapa kwetu mu avenue banatujua bote. Nani atanigusa?"

Espérance alichoka kubishana. Akaanza mchezo. Katika pango walimkuta mchawi, mchawi akamtupia Mumba uchawi, Mumba akarusha kete ili aukatae. Akashindwa. Kanuni ya kitabu ilikuwa wazi: aliyerogwa humpiga aliye karibu naye. Aliye karibu alikuwa Rigobert.

"Pole sana, vieux, mzee wangu," Mumba alisema, akarusha. Kumi na saba. Amempata.

"Haya, simulia," Espérance alisema.

Mumba alimtazama Rigobert. Alianza polepole, na sauti yake haikuwa ya mchezo. "Unaanguka ku magoti. Unapigwa hapa, juu ya sikio. Kiatu kimoja kinatoka. Unakitafuta na mukono, unasema, 'Kiatu yangu, kiatu yangu,' sawa vile ni kiatu tu ndiyo unataka. Kisha hausemi tena."

Espérance aliweka kitabu chini. Mashujaa wa mchezo ule hawakuvaa viatu vya kuchomoka. Na mdogo wake hakuwahi kuwa na kipaji cha kubuni. Alimfundisha insha mwenyewe, alijua.

"Mudogo," Rigobert aliuliza, "ile uliona wapi?"

"Kule ku soko."

"Ulikuwa na nani?"

"Na ile batoto ya jeunesse, bale banafukuza batu."

"Ulimupiga?"

"Hapana!" Mumba alishtuka, kisha akainamisha kichwa. "Sikumupiga. Nilimushika tu mukono."

Espérance alimpenda mdogo wake kuliko mtu yeyote aliyebaki duniani, na wakati ule hakuweza hata kumgusa bega.

"Na huku kwetu?" Rigobert aliuliza. "Banakuya lini?"

"Kesho."

Rigobert alimaliza kikombe chake, kwa sababu alikuwa mtu wa adabu. Akamshukuru Espérance kwa munkoyo, kama kila Jumapili. Akasema anakwenda kufungua skrubu za mashini yake ya kushonea, maana mke wake hawezi kuibeba ikiwa na meza, na kituoni ni mbali.

Mumba alisimama haraka, karibu amwage vikombe. "Vieux, acha nikusaidie. Iko nzito. Miye nitashika upande moja."

Rigobert alikuwa tayari mlangoni. Hakukasirika, alisema kwa upole, kama anayemkatalia mgeni chakula.

"Hapana, mudogo. Ile mukono, ubakie nayo."

Akatoka. Mumba akakaa, mikono yote miwili juu ya meza, mpaka dada yake alipoanza kuondoa vikombe.