Kadi ya Ng'ambo na Matangi ya Mukurweini

Juzi nilipanga foleni katika ofisi ya ushuru mjini Nyeri. Mbele yangu alikuwa shosho mmoja, bibi mzee wa Mukurweini, aliyeitwa aeleze kwa nini kadi ya benki ya ng'ambo inanunua tangi la maji kila mwezi kwa jina lake katika duka moja la hapa.

"Shosho, unauza matangi?" afisa akauliza.

"Hapana, kijana yangu. Kadi ni ya msichana yangu, ako Ulaya. Ananunulia wamama wa chama yetu ya kusaidiana, kila mtu tangi yake."

"Na nitajuaje ni ukweli?"

Shosho aligeuka, akainua mkono. Benchi zima la nyuma likasimama, wanawake wenye vitambaa vya kichwa vya rangi moja. Chama chao hakimwachi mtu aende ofisini peke yake.

"Uliza yeyote. Ama kuja kwetu ukunywe maji."

Afisa alicheka, akaandika maelezo, akamruhusu aende. Kisha akashusha sauti: "Shosho, mama yangu ako Othaya. Hiyo chama bado inaingiza watu?"

Kwa kawaida ofisi ile ndiyo hutuandikisha sisi. Siku hiyo iliomba kuandikishwa.