Matangazo ya Salfa Yaliyoishia Sebuleni

Waliniambia sitaweza. Newala maji ya kunywa tunanunua kwa dumu, na mimi nilirudi na mashine ya kuchapa picha kwa jiwe ambalo lazima lilowe muda wote wa kazi. Fundi mmoja wa mabango ya plastiki pale stendi alitangaza kwamba nitafunga kabla mwezi haujaisha. Yeye hana hata cheti. Mimi nina stashahada ya uchapaji.

Mashine niliinunua Dar es Salaam, kwenye kiwanda cha chapa kilichokuwa kinafungwa. Pesa nilikopa kwa watu watatu: shangazi yangu wa Lulindi, mwalimu wangu wa zamani, na jirani mwenye mashine ya kusaga. Unachora juu ya jiwe kwa chaki ya mafuta, unalipangusa kwa sponji yenye maji, unapitisha wino. Wino unashika mchoro tu, palipolowa haushiki. Nusu ndoo inanitosha kutwa nzima. Kutoka Masasi hadi Newala hakuna mwingine anayeiweza kazi hii, nalisema bila haya.

Kazi yangu kubwa ya kwanza aliniletea mfanyabiashara wa salfa, dawa tunayopulizia mikorosho. Tulikubaliana atalipa nikishabandika. Nilichora mkorosho uliozaa, mabibo mekundu na ya njano, na mama ameinama anaokota. Chini nikaandika jina la duka. Nilichapa nakala mia moja, nikazibandika mwenyewe kwenye kuta za maduka kuanzia Nanganga hadi Kitangari.

Siku ya tatu aliniita. Alikuwa amepita njia nzima bila kuona hata moja. Mbele ya wateja wake akaniita tapeli msomi, akasema hawezi kulipia kuta tupu.

Nilikodi bodaboda, nikampeleka Kitangari. Mwenye duka la kwanza alicheka, akatuelekeza nyumba ya pili yake. Tulimwamkia mama mwenye nyumba shikamoo, akaitika marahaba, akatukaribisha ndani. Juu ya kochi lenye vitambaa vya kufuma ulikuwepo mkorosho wangu. Maneno ya chini yalikuwa yamekatwa kwa wembe, mkato umenyooka kabisa.

"Mama, hili ni tangazo langu," alisema mfanyabiashara.

"Tangazo umeliona wapi, baba? Hii ni picha. Yale maandishi yalikuwa yanaiharibu, nimewashia moto."

Akaomba arudishiwe.

"Kachore yako," akamjibu.

Tuliingia nyumba sita nyingine, kote hali ni hiyo hiyo. Nikadhani sasa atalipa, tena kwa kuomba radhi. Akasema ndiyo kwanza halipi, kwa kuwa jina lake limeishia jikoni kwa watu. Hajalipa mpaka leo, na hasira yangu haijapoa. Watu wamebandua kazi yangu ukutani wakaitundika wanapopokelea wageni, halafu naambiwa nimeshindwa! Mwandaaji mmoja wa maonyesho naye alikwisha kunikataa, eti sanaa ya Wamakonde ni mpingo, cha kuchapwa ni tangazo tu. Akamweleze hayo yule mama wa Kitangari.

Jiwe nilikuwa sijalisafisha, mchoro ulikuwa bado juu yake. Nilifuta jina la duka, nikachapa mkorosho peke yake. Wakulima walipolipwa korosho zao nikaupeleka gulioni na kuuza nakala zote. Nikachora mwanamke na dumu lake kichwani, mchoro huo nao wakaumaliza. Mke wa mfanyabiashara wa salfa alinunua mbili. Sikumpunguzia hata shilingi.

Msimu huohuo, kwa siku moja, niliwalipa wote watatu walionikopesha. Asubuhi jirani, mchana mwalimu, ambaye alitaka kuniandikia hati ya malipo nikamwambia haina haja. Jioni nilifika Lulindi. Shangazi alihesabu mara mbili, akafunga noti kwenye pindo la kitenge, akauliza kama picha atapewa au naye inabidi anunue.

Nilimpa mkorosho. Nikapanda kwenye kiti, nikaupigilia misumari ukutani mwenyewe.