Radhi ya Salalah

Mama alitupa radhi ya kwenda Salalah, sisi tukaenda Vietnam. Nalitanguliza hili ili asiwepo wa kunionea huruma kabla ya wakati.

Kwetu mtu hasafiri hivi hivi tu. Hata uwe umeshaota mvi, kama mimi, utakwenda kwa mzazi wako, utakaa chini, utamwambia safari ni ya wapi na ya siku ngapi. Yeye atafukiza ubani, atakushika kichwa, atakusomea, na huko unakokwenda atakutaja kwa jina ndani ya dua. Familia yetu ilitoka Unguja ikaja Maskati, na mengi yalitupotea njiani, lakini hili halikupotea. Mama alinishika kichwa sebuleni kwake Bawshar akasema, "Ya Rabbi, wafikishe Salalah salama, na uwarejeshe." Nikaitikia amin. Mume wangu naye akaitikia, tena kwa sauti kubwa kuliko yangu. Hapo nje, ndani ya buti la gari yetu, yalikuwemo mabegi mawili ya mgongoni tuliyoyanunua Hamriya, makubwa, yenye mikanda ya kufunga kifuani.

Ukweli ungetuzuia. Miezi minne kabla ya hapo mama alianguka jikoni, na daktari akasema ni moyo. Alimkataza chumvi, akamkataza kupanda ndege, akatwambia asishtuliwe. Tangu siku hiyo mama alikuwa na ombi moja tu kwangu. "Usende mbali na mimi," aliniambia. "Nikikwita uweze kuja." Nikamwahidi. Salalah, kusini ya Oman, ni mwendo wa saa moja na nusu kwa ndege, na kila mwaka wakati wa kharif, Maskati ikitokota kwa joto, watu huhamia kule kwenda kunyeshewa na manyunyu na kutembea ndani ya ukungu. Kwa Salalah mama hakuona ubaya. Lakini kutoka Vietnam mpaka kitandani kwake ni siku nzima na zaidi, tena kama ndege zimekubali. Nilijua vizuri ninacheza na nini.

Nilikuwa nimechoka, nalisema hili bila haya. Miezi minne ya vidonge na kupima presha na kulala na simu kifuani. Hatujajaaliwa watoto, na mume wangu alikuwa akitazama picha za milima ya Vietnam tangu tulipooana, miaka kumi na moja, mpaka nikawa nazijua kona zake. Yeye ni Mwomani wa bara, wazee wake walitokea Tabora, na mama hajapata kumsamehe sawasawa kwa kosa hilo. Siku moja alitaja mabegi ya mgongoni kwa mzaha, mama akamjibu, "Baba, sie tulikuja na masanduku yetu kama watu. Huo upagazi kafanye peke yako." Basi tukadanganya. "Ukungu ni ukungu," mume wangu alisema. "Tutampelekea picha za ukungu." Nikacheka. Nilipomuuliza dua ya Salalah itatufaa nini kule, akasema Mwenyezi Mungu anajua ramani. Nikacheka tena, lakini kidogo.

Tulilala Saigon usiku mmoja, nikamwandikia mama kwamba tumefika. Asubuhi tukapanda basi la kwenda Da Lat, saa saba za kona. Tulikusudia kukaa siku mbili tu kisha tuteremke pwani. Kadiri tulivyopanda, baridi ilizidi, na misunobari ikaanza kusimama pande zote za barabara, mirefu, imenyooka, chini yake kiza. Mji wenyewe una ziwa katikati na ngazi kila mahali. Watu wamevaa makoti mwezi wa Julai, wanauza masweta na stroberi, na mabanda ya plastiki ya kukuzia maua yamepanda milima yote mpaka juu. Mahali pazuri, asiyeona uzuri wake ana lake. Mimi nilikuwa na langu. Niliteremka ndani ya basi, ukungu ukanishika miguuni, na kitu cha kwanza kilichonijia ni kwamba hakuna mtu wa kwetu anayejua kama niko hapa.

Nyumba ya wageni ilikuwa nyembamba, ghorofa tano. Chini kabisa mwenye nyumba alikuwa na madhabahu yake sakafuni, machungwa, kikombe cha chai na vijiti vya udi vinavyofuka. Alikuwa mama wa makamo mwenye sweta la zambarau. Alitutazama mabegi, akatutazama nyuso, akatupa chumba cha juu kabisa.

Hatujatua vizuri, mama akapiga simu ya video.

"Mwanangu, hamjambo huko?"

"Hatujambo, mama. Moyo je?"

"Upo. Hebu nionyeshe huo ukungu na mie nipoze macho."

Nikaigeuzia simu dirishani. Nje kulikuwa na ukungu mtupu na taa moja ya njiani.

"Mbona huko kushakuwa kiza? Sie ndio kwanza tumesali alasiri."

Vietnam iko mbele ya Oman kwa saa tatu. Tulikuwa tumefikiria kila kitu, nguo nitakazovaa, picha zipi tupeleke na zipi tusipeleke, na jibu la kumpa akiuliza hoteli. Jua hatukulifikiria.

"Ni ukungu, mama. Umefunika jua."

"Umelifunika."

"Ndiyo, mama."

"Haya, mwanangu. Jifunikeni na nyie."

Simu ikakatika. Mume wangu alikuwa amesimama na soksi moja mkononi. "Amejua?" akauliza. Nikamwambia hajajua. "Mbona unatetemeka, basi?" Nikasema baridi.

Siku ya pili tulitembea. Tuliuzunguka ule mji, tukanywa kahawa tamu kupita kiasi, tukala stroberi zilizokuwa chachu. Mume wangu alipiga picha kila ua. Mimi nilikuwa naitazama simu. Saa tano mchana ujumbe uliingia kutoka kwa mdogo wangu wa kiume, anayekaa na mama. Aliandika: "Dada, mama anauliza mko wapi saa hizi." Nikamjibu tupo, tunazunguka Salalah. Nikajipongeza kwa wepesi wa kujibu.

Saa saba na nusu ikaja picha. Mama amekaa kiti cha mbele cha gari, mtandio wake wa buluu kichwani, nyuma yake kituo cha mafuta na jangwa jeupe lisilo mwisho. Chini yake mdogo wangu kaandika: "Tuko Haima. Tumetoka Bawshar baada ya alfajiri, na ule ujumbe wa mwanzo nilikwandikia tumesimama mji wa Adam. Mama kasema anakufateni Salalah. Alitaka msijue, sasa kasema nikwambieni. Wallah mie sina kosa. Tutafutieni chumba karibu yenu."

Niliketi kwenye ngazi, hapo hapo, watu wakawa wananipita huku na huku. Mama yangu, mwenye moyo ule, alikuwa nusu ya njia ya kilomita elfu, anakwenda kwa binti ambaye hayupo.

"Piga simu sasa hivi," mume wangu alisema. "Mwambie. Warudi."

"Nimwambie jangwani? Daktari alisema asishtuliwe. Akianguka pale Haima nani atamwokota? Wewe?"

"Ukingoja anazidi kwenda mbele."

"Ngoja afike. Akifika atakuwa karibu na hospitali."

Maneno hayo yalikuwa na sura ya hekima, nami nikayashika kwa mikono miwili. Lakini nilijificha nyuma ya daktari, na hata wakati ule nilijua. Sikumwogopea moyo wake. Niliogopa sauti yake. Nikaandika: "Karibuni. Tunakungojeni." Nikatuma, na mume wangu akaniangalia kwa namna ambayo hajaniangalia tena tangu siku ile.

Kutoka Haima kwenda mbele mtandao hukatika. Kila aliyepita njia ile anajua. Ni barabara moja ndefu, upepo unavusha mchanga, na pembeni vipande vya matairi yaliyopasuka. Ngamia huvuka bila kumtazama mtu. Nilipiga simu, haikuita. Nikapiga tena. Tulirudi chumbani. Mume wangu, kwa kukosa la kufanya, akaanza kutafuta hoteli za Salalah kwenye simu yake, chumba cha ghorofa ya chini, mama asipande ngazi. Nikamfokea. Nikamwambia mabegi yake, milima yake, ubara wake ndio umetufikisha hapa. Akatoka, akarudi na mahindi ya kuchoma yaliyofungwa kwenye gazeti, yakapoa juu ya meza bila mtu kuyagusa.

Alasiri ukungu ulipanda ngazi. Sisemi kwa kupamba. Mwenye nyumba alikuwa ameacha mlango wa chini wazi, na nilisimama juu nikauona unaingia, unapita kwenye madhabahu, unapanda ghorofa moja baada ya moja bila haraka. Yule mama akapanda nao, na gilasi ya chai ya tangawizi mkononi. Hatukuwa na lugha hata moja kati yetu. Alinitazama uso, akaniwekea chai, akashuka, na nikamwona anawasha vijiti vitatu vipya na kuinamisha kichwa. Nilishikwa na hofu kwamba ananiombea kama mtu aliyefiwa. Nikasoma Ayatul Kursi, nikakosea katikati, nikaanza upya, nikakosea pale pale. Mimi niliyehifadhi aya ile kabla sijaota meno ya pili.

Kiza kilipoingia simu ikalia mara moja. Ujumbe. "Tuko Thumrait. Mama anasema kama mna neno lolote, semeni sasa, kabla hatujateremka mlima."

Nikaandika, nikafuta. Nikaandika tena, "Mama nisamehe", nikafuta. Mume wangu alikuwa anasoma juu ya bega langu. "Anakuomba," alisema taratibu. "Huoni kama anakuomba?" Nikaiweka simu kifudifudi juu ya kitanda.

Kabla ya isha mama akapiga mwenyewe. Safari hii hakukuwa na picha, sauti tu, na upepo.

"Tushafika," akasema. "Tuko juu ya mlima hapa, ukungu tele. Kuzuri. Uko wapi, mwanangu?"

Hapo tena hapakuwa na pa kujificha. "Mama, niko Vietnam."

"Vietnam," akarudia, kama mtu anayeonja chakula kigeni. "Nchi sikuijua. Kama hukuwepo Salalah nnajua tokea jana."

"Niliogopa utashtuka, mama."

"Nishashtuka jana. Leo nilikuwa nakungoja tu. Pale Adam nikamwambia mdogo wako, mwandikie, hapa atasema. Haima nikasema, hapa hapiti, mwanangu haniachi niende jangwa lote lile na moyo wangu huu. Umeniandikia 'Karibuni.'"

Nililia. Nilimwambia nipe radhi, mama.

"Radhi nishakupeni. Si mlikuja mkachukua?" Sikusikia hasira katika sauti yake, na hilo lilinitisha kuliko kitu chochote cha siku ile. "Haya, kuna baridi. Nnaingia garini."

Kulipokucha tulilipanda basi la kurudi. Pwani hatukuiona. Tulifika Maskati kabla ya mama, kwa sababu yeye alikaa Salalah siku nne, na mdogo wangu anasema alifurahi, alikaa kwenye majani, alikula madafu. Aliporudi alituletea ndizi na mkate wa mufa wa kule, akatukaribisha chakula, akamuuliza mume wangu habari ya kazi. Safari hakuitaja. Nilimngojea anitukane. Niliketi mbele yake Ijumaa baada ya Ijumaa nikimngojea, na yeye ananiongezea mchuzi.

Mama yu hai, alhamdulillahi. Mdogo wangu amehamishiwa kazi Sohar, saa mbili kwa gari, na mama amekataa katakata kuiacha nyumba yake. Sisi tunakaa Madinat Sultan Qaboos. Kutoka mlangoni kwangu mpaka kwake ni dakika kumi, taa za barabarani zikiwa na huruma. Nimemwandikia nambari yangu kwa herufi kubwa na kuibandika juu ya friji.

Mwezi uliopita, asubuhi, mdogo wangu alinipigia. Nilisikia gari yake inavyokwenda mbio.

"Dada, mama moyo umemshika. Mie nishaingia njiani, lakini bado niko mbali. Wahi wewe."

"Kakupigia saa ngapi?"

"Ishapata nusu saa."

"Na mimi mbona hakunipigia?"

Honi ya lori ikalia. "Nilimwambia akupigie, dada. Kasema atanisubiri mie."

Nilitoka bila viatu. Nilimkuta amekaa kwenye ngazi ya mbele, buibui lake kavaa, kadi ya hospitali mkononi, uso umegeuka rangi ya majivu. Alikuwa anaitazama njia ya Sohar. Nilipita mbele yake, nikapiga magoti, nikamshika mikono, ilikuwa baridi. Ilimchukua muda kuniona. Akanitazama kama unavyomtazama mgeni ambaye hukumtarajia, kwa adabu.

"Kumbe upo," akasema.