Ndoo Inayojaa Chini ya Sakafu

Ulikuwa mwaka ule wa mvua nyingi. Hapana, nakosea, mwaka wa mvua nyingi dada yangu alikuwa hai bado, na mumewe alikuwa bado anacheka. Basi ni mwaka uliofuata.

Huyo mumewe, shemeji yangu, tulimwita Sikio. Kazi yake idara ya maji ilikuwa kutafuta mabomba yanayovuja ardhini. Alisimamisha fimbo ya chuma barabarani, akabana sikio kwenye kibao cha juu, akafumba macho. Alipochora msalaba wa chaki, wachimbaji walichimba hapohapo. Miaka ishirini na sita hakukosea.

Binti yake, mwalimu wa chuo aliyesomea mambo ya sauti, alimfuata na kinasa sauti.

"Baba, mtu hasikii kwa sikio peke yake. Nusu anasikia anachokitamani."

"Nusu hiyo haijanidanganya bado, mama."

Jumapili moja mchana akachora msalaba jikoni kwake. Msimamizi wake wa kazi akaja na ramani na wachimbaji.

"Mzee, bomba hili tulilikata zamani. Kavu."

"Kuna maji."

"Sikio la kufa halisikii dawa. Haya, tuchimbe. Likiwa kavu, fimbo unairudisha ofisini."

Wakachimba, nami nimesimama mlangoni. Bomba lilikuwa na utando wa buibui ndani. Sikio akaifuta fimbo kwa shati lake, polepole, kama anayemkausha mtoto, kisha akanipa mimi. "Shemeji, hebu na wewe."

Nikainama. Nisiwafiche, nilisikia maji. Lakini si ya kuvuja, maana bomba linalovuja halipumziki. Haya yalikuwa yanaingia ndooni: sauti nzito kwanza, ikapanda, ikapanda, ndoo ikikaribia kujaa, kimya. Halafu ndoo nyingine. Dada yangu, tangu utoto wetu, hakumwaga hata tone; alifunga koki ndoo ikibakiza vidole vinne.

"Umesikia nini?" msimamizi akaniuliza.

Woga ukanishika. "Sijasikia kitu," nikasema. Na fimbo ikaenda.

Baada ya wiki mbili nilikwenda kumwomba radhi. Nilimkuta amelala kifudifudi jikoni, shavu sakafuni.

"Nilisikia, shemeji."

"Najua. Ulibadilika uso."

Nikamuuliza yale maji yalikuwa nini, akageuzia sakafu shavu la pili; akazikwa na jibu lake. Binti yake nilimuuliza pia, akazima kinasa sauti chake akaangalia dirishani. Maji hayajifungi yenyewe. Nani alikuwa anafunga koki?