Zamu Yake

Kaseti ile ililetwa kijijini kwetu Nyacheki na shangazi wa rafiki yangu, aliyekuwa nesi Uingereza. Ilikuwa ya kundi la rapu, vijana wanne wa London. Karatasi ya ndani ilieleza kwamba walianza kwa kuwaiga Wamarekani, wakajichoka wenyewe, wakageukia lafudhi ya mtaani kwao. Hilo ndilo lililotutia wazimu. Kama wao waliacha kuiga, sisi tulikuwa tunangoja nini?

Tukatunga wimbo kwa Ekegusii, lugha yetu ya nyumbani, kuhusu kuchuma majani chai asubuhi ya baridi: mstari wangu, mstari wake. Sheria ilikuwa moja, hakuna kurapu mstari wa mwenzako. Niliiweka mimi, kwa wivu tu, maana mistari yake ilikuwa mizuri kuliko yangu. Baba zetu Wasabato hawakutaka kusikia kelele hizo, kwa hivyo tulirapu shambani, wawili peke yetu.

Lile kundi lilivuma miaka michache, likasahauliwa. Sisi hatukuvuma hata Nyamache, mji wa jirani tu. Yeye akabaki na chai yake, mimi nikafungua duka la mabati na misumari. Tulipokutana shambani kwake tuliendelea kurapu, watu wazima na vitambi vyetu.

Alipofariki mwaka jana, nilishikwa na upweke nikalitafuta kundi hilo kwenye simu. Kumbe hata wao mmoja amekufa. Kwenye video, wazee watatu walikuwa jukwaani. Zamu ya marehemu ikifika wananyamaza, na ukumbi mzima unarapu sehemu yake. Nikaapa kwamba rafiki yangu naye ataagwa hivyo.

Kwenye mazishi nilipewa maikrofoni. Nikatoa mstari wangu wa kwanza, nikanyamaza kumpisha.

"Amina," waombolezaji wakaitikia.

Nikatoa wa pili. Amina tena, safari hii kwa nguvu zaidi. Mzee wa kanisa akanishika bega.

"Jikaze, ndugu yetu. Mungu anakuona."

Nilimkasirikia, halafu nikaona haya. Wangejuaje? Hatukuwahi kumfundisha mtu yeyote. Nikarudisha maikrofoni, nikakaa.

Watu walipokwenda kula, nilibaki kaburini, nikaivunja sheria yangu. Nilirapu mistari yake yote, sikukosa hata neno. Kila zamu yangu ilipofika nilinyamaza, na hakuna aliyeitikia.