Majani ya Mkarafuu wa Kazija

Siku ya tisa baada ya Talib kuzikwa, mjane wake, Kazija, alimwita mdogo wake Shaame ndani akamwambia, "Nenda juu ukautazame mti wangu. Mimi sitoki mpaka eda iishe, nawe wajua."

Shaame alijua. Miezi minne na siku kumi dada yake angekaa ndani ya nyumba ile ya Gando, bila wanja, bila hina, bila udi. Wanaume wa kuingia kwake walikuwa ndugu zake wa damu tu, na ndugu wa kiume aliyebaki duniani alikuwa mmoja, yeye Shaame.

Mti wenyewe ulikuwa mkarafuu ambao Talib aliupanda juu ya kilima mwaka waliooana, miaka ishirini na sita iliyopita. Hawakujaaliwa mtoto. Majirani waliuita mti ule "mtoto wa Kazija", wengine kwa utani, wengine kwa kijembe, naye hakumjibu yeyote. Kila Ijumaa asubuhi alipanda kilimani, akang'oa magugu chini yake, akarudi.

Shaame alikuwa na miaka arubaini na tisa. Shule aliishia darasa la saba, na tangu hapo kazi yake ilikuwa kulima na kuchuma karafuu za watu. Alikuwa mtu wa haya. Akiona wanaume wamejaa barazani, hupita nyuma ya nyumba, mradi asisalimie watu kumi kwa mkupuo mmoja. Maishani mwake hakuwahi kumkatalia mtu jambo, seuze dada yake aliyemlea.

Alipofika kilimani alisimama kwa muda mrefu. Majani yalikuwa yakidondoka na upepo hakuna. Kileleni mti ulikuwa umepwaya, mbingu zaonekana katikati ya matawi, na majani yaliyobaki yalikuwa na umanjano wa mtu aliyeugua ini. Alizijua dalili zile. Alikwisha kuona mashamba mazima yakifa hivyo.

Aliporudi, Kazija alikuwa amekaa juu ya mkeka, macho yamevimba.

"Mti u hali gani?"

"Mzima," akasema Shaame. Neno lilimtoka kabla hajalitazama.

"Alhamdulillahi. Basi kesho nipigie picha nami nione."

Asubuhi ya pili Shaame alikwenda Wete kwa Safaa, msichana wa Tibirinzi aliyesomea kilimo, ambaye watu wa Gando walimwita Bibi Shamba. Alimwonyesha picha alizopiga kwa simu yake ya tachi iliyopasuka pembeni.

"Mzee Shaame," akasema Safaa, "mimi hapa naona zulia la msikiti. Nataka jani, si kijani."

Kisha akamfundisha. Alichovya ncha ya unyasi katika kikombe cha maji, akaliweka tone moja dogo juu ya jicho la kamera, akaigeuza simu polepole tone lisianguke, akaisogeza hadi karibu na jani, upana wa kidole tu. Shaame akachungulia. Lile jani la mpera lililokuwa dirishani likajaa kioo chote, mishipa yake kama mito iliyochorwa kwenye ramani ya darasani, na baina ya mishipa mna vinywele ambavyo hakuvidhania.

"Piga hivyo, unitumie kila wiki," akasema Safaa. "Nitajua mti unaumwa nini."

Basi Shaame akawa mpiga picha wa majani. Alijifunza kubana pumzi, maana pumzi tu ilitosha kulitikisa tone. Alijifunza kuliinua jani la mkarafuu likabiliane na jua, na hapo akaona kitu ambacho hakupata kukiona tangu aanze kuchuma akiwa na miaka kumi: jani zima limejaa vitone vya mwanga, vingi kama nyota. Safaa akamweleza kwa sauti iliyorekodiwa kwamba vile ni vifuko vya mafuta, mafuta yale yale yaliyomo ndani ya karafuu, na ndiyo maana jani likifikichwa hunukia. Akamwambia aitazame mishipa: yote hutoka katikati ikaenda pembeni, lakini kabla haijafika ukingoni huungana ikafanya njia moja inayolizunguka jani. Shaame akatazama, akaona ndivyo. Miaka yote ile alikuwa akiyakanyaga.

Picha za mti wa kilimani alimtumia Safaa. Mle vitone vilikuwa vimeanza kupiga weusi, na mishipa imekauka. Za kumwonyesha Kazija alizipiga bondeni, katika mikarafuu ya jirani yao, Mzee Silima, iliyokuwa mizima na imenawiri.

Hakukusudia iwe desturi. Lakini siku ya kwanza alipomwekea dada yake jani lile lenye nyota mbele ya macho, Kazija alisahau kulia. Aliishika simu kwa mikono miwili, akasema, "Subhanallah, na hivi vyote vimo mle ndani?" Siku nyingine alimwonyesha jani changa, jekundu kama ulimi wa mtoto, na Kazija akacheka, akasema Talib angelisema jani hili limekula tambuu. Shaame hakuwa amesikia kicheko chake tangu msiba. Tena, yeye ambaye watu hawakumsikiliza, sasa alikuwa na mtu anayemngoja kila asubuhi. Akanogewa. Kila siku alisema moyoni kuwa kesho atamwambia, na kesho akashuka tena bondeni.

Mwezi wa nne wa eda ulipofika nusu, majani ya kilimani yote yaligeuka rangi ya tofali kwa wiki moja. Hayakuanguka. Yalikauka yakabaki yananing'inia pale pale. Safaa alikuja mwenyewe, akabandua gamba la shina, akatikisa kichwa.

"Ukatwe, uchomwe na majani yake, na kisiki king'olewe. Msingoje mvua ikayaeneza maradhi."

Mzee Silima, mwenye mikarafuu arubaini kule bondeni, alikuwa amesimama nyuma yao na mkongojo wake. "Shaame, mwanangu," akasema, "huo nti wenu wafa, na wataka wa kufa nao."

"Nipe siku kumi na tisa, Mzee. Eda iishe, mwenyewe aje auage."

"Namuonea imani dada'ko, wallahi. Lakini maradhi hayakai eda."

Shaame akashuka. Alipita bondeni kama kawaida, akapiga picha jani moja, akaenda nayo kwa Kazija. Alitaka kuanza kusema, ila akatoa simu kwanza.

Kazija alitazama. Safari hii hakusema Subhanallah. Alilikuza jani kwa vidole, akalipunguza, akalikuza tena.

"Hili si jani la mti wangu," akasema.

Shaame akainamisha macho mkekani.

"Mti wangu uko peke yake juu. Jua laupiga tangu linapochomoza, na upepo wa chumvi wauchoma. Majani yake madogo, magumu, ncha zimeungua. Hili pana, laini, limekulia kivulini. Jana sikulitazama vyema, na juzi pia. Nilikuwa nafurahi. Mti wangu uko wapi, Shaame?"

Hapo akamfungulia picha nyingine, zile alizomtumia Safaa, tangu ya kwanza. Kazija akazipitia moja moja. Manjano. Vitone vyeusi. Mshipa ulioachana na mwenziwe. Ya mwisho ilikuwa jani kavu, mishipa imesimama kama ya mkono wa mzee.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile ya kwanza uliponituma."

"Na siku zote hizi wanitazama nikicheka."

"Nilikuonea huruma, dada."

"Talib sikumzika, maana wanawake hatuendi. Nilimuaga kwa kuwa niliambiwa anakufa, nikamuaga." Akairudisha simu. "Mti hukuniambia."

Shaame akamweleza yote, ya Safaa na ya Mzee Silima. Akasema atakwenda kumpigia magoti Mzee Silima, siku kumi na tisa si nyingi.

Kazija akauliza, "Majani uliyokuwa ukinionyesha ni ya nani?"

"Ya Mzee Silima."

"Hayo ndiyo yaliyonifariji. Nitayaua kwa sababu gani? Kata."

Aliukata kesho yake, yeye na wanaume wawili. Kutoka kilimani paa la nyumba ya dada yake lilionekana, na dirisha la chumba chake lilikuwa wazi. Walipowasha moto, majani makavu yalishika kwa haraka, na mafuta yaliyosalia ndani yake yakatoa harufu kali ya karafuu, nzuri, ikashuka na moshi mpaka majumbani. Shaame akaona mkono wa Kazija ukitoka na kulivuta dirisha likafungwa. Mwanamke aliye katika eda hajitii manukato.

Siku zile kumi na tisa Shaame alifika kila asubuhi, akakaa mkekani. Kazija alimpa chai. Hakumwomba picha, na yeye hakuthubutu kuitoa simu.

Eda ilipokwisha, Kazija alioga, akavaa, akajitanda buibui lake. Shaame akamwambia kwamba amekwisha kusafisha kilimani, kisiki amekitoa na shimo amelifukia vizuri, hapana haja ya kujichosha.

"Nitakwenda nikaone mwenyewe," akasema Kazija, akatoka. Shaame alibaki ameshika mlango, hajui kama afuate nyuma au akae.